Faili Lipo, Halipo

Mhasibu anafungua folda ya mwaka 2017. Majina yote yapo: mikataba, ankara, majedwali ya mishahara, barua za wakaguzi. Ukubwa wa kila faili umeandikwa pembeni na tarehe ni ileile. Anabofya mara mbili jedwali moja la Excel. Kishale kinageuka kiduara, kinazunguka. Kinaendelea kuzunguka. Dirisha linapauka, na juu yake yanatokea maneno kwamba programu haijibu. Anabofya tena, safari hii kwa hasira, kisha anampigia simu kijana wa TEHAMA, naye anamjibu kama mtu aliyekwisha kuulizwa hivyo mara nyingi: “Subiri kidogo dada, linarudi.”

“Linarudi kutoka wapi, na mimi naliona hapa?”

Anachokiona ni kivuli. Jina, ukubwa na tarehe vimebaki kwenye seva ya ofisi pamoja na kielekezi kifupi kinachosema mwili wa faili umelala wapi: kwenye diski za bei nafuu chumba cha pili, kwenye tepu, au kwenye wingu la kampuni iliyo bara jingine. Usiku mmoja miezi kadhaa iliyopita programu ilipita kwenye folda zote, ikakuta jedwali lile halijaguswa kwa muda uliopangwa, ikalihamisha na kuacha kivuli. Kwenye Windows za zamani kivuli cha namna hiyo kilionyeshwa kwa saa ndogo nyeusi kwenye kona ya alama ya faili. Wachache waliwahi kuiona saa hiyo, na wachache zaidi waliambiwa maana yake.

Programu hizi za kupanga hifadhi kwa ngazi, za moto juu na za baridi chini, zimeuzwa kwa mabenki, wizara, hospitali na vyuo kwa ahadi moja: mtumiaji hatajua kwamba faili limehama. Hatabadilisha tabia, hatafundishwa chochote, ataendelea kubofya kama zamani. Ndiyo ahadi iliyoziuza. Kwa maoni yangu ndiyo pia inayoziangusha, kwa sababu umbali uliofichwa haujapungua hata hatua moja.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1974 IBM ilitangaza mashine iliyoitwa 3850, kabati kubwa lenye vishimo kama sega la nyuki, kila kishimo kikiwa na kopo dogo la mkanda wa sumaku lenye megabaiti 50. Mkono wa mashine ulichomoa kopo, data ikanakiliwa kwenye diski, na programu iliyoomba ikadhani ilikuwa kwenye diski tangu mwanzo. Mashine kubwa kabisa ya aina hiyo ilibeba gigabaiti 472, kiasi ambacho leo hakijazi diski ya nje ya bei ya kawaida dukani Kariakoo. Diski za enzi hizo zilikuwa ghali mno, na hesabu ilikuwa wazi: sehemu kubwa ya data huandikwa mara moja, husomwa mara chache wiki za mwanzo, kisha husahaulika. Kwa nini ilale mahali pa gharama?

Aliyewahi kufanya kazi na masjala ya serikali atalitambua wazo hili mara moja. Majalada hai hukaa kwenye kabati karibu na karani. Yakishakuwa tuli hupelekwa kituo cha kumbukumbu. Lakini masjala haikumficha mtu umbali. Ukitaka jalada la zamani uliandika ombi, karani akakwambia uje kesho kutwa, nawe ukapanga kazi yako ukijua hivyo. Kompyuta ilichukua kabati na kituo, ikamwondoa karani.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba mafaili hufunguliwa na watu. Kwenye seva ya ofisi, msomaji mkubwa wa mafaili ni programu nyingine. Antivairasi hupita usiku ikifungua kila kitu. Bakapu hupita baada yake. Programu ya utafutaji husoma ndani ya nyaraka ili ijenge faharasa yake. Hata folda ya picha, ukiifungua tu, kompyuta inataka kusoma kila picha ili ikuonyeshe kijipicha chake. Windows ina alama inayoziambia programu kwamba faili hili liko nje, usiliguse bila sababu. Lakini alama hiyo ni adabu tu, si kufuli. Programu isiyoijali hufungua mlango, na mfumo wa kumbukumbu, kwa utii wake, hulirudisha faili.

Matokeo yake mafundi wa seva wanayajua. Antivairasi inasasishwa mchana, usiku inaanza ukaguzi kamili, na vivuli laki kadhaa vinaguswa mfululizo. Kila kimoja kinaita mwili wake. Diski kuu, ambayo ilinunuliwa ndogo kwa sababu kulikuwa na mfumo wa kumbukumbu, inajaa kabla ya alfajiri. Asubuhi hakuna anayeweza kuhifadhi hata barua ya ukurasa mmoja. Fundi akitaka kuyahamisha mafaili upya ili apate nafasi, foleni ya kurejesha bado haijaisha, na anayeulizwa na mkurugenzi ni yeye, si aliyeuza programu.

Bakapu nayo ina mtego wake. Ikinakili vivuli bila kuviamsha, inamaliza kazi haraka na ripoti inakuwa ya kijani kila siku. Ila kilichonakiliwa ni orodha ya majina. Siku chumba cha kumbukumbu kikiungua, bakapu hiyo itakurudishia folda zenye mafaili ambayo hayafunguki. Ikiamsha kila kivuli ili inakili mwili, imefuta faida yote ya kuhamisha. Zipo programu za bakapu na za kumbukumbu zinazoelewana juu ya jambo hili, lakini uelewano huo hutegemea matoleo, na fundi akisasisha upande mmoja bila mwingine amejitafutia kazi.

Kisha kuna swali la nani anaamua faili gani ni baridi. Kwa kawaida sera inasema: lisiloguswa kwa siku 180, lihamishwe. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini kompyuta inajuaje kwamba faili limeguswa? Inatazama tarehe ya mwisho ya kusomwa, na tarehe hiyo si ya kuaminika hata kidogo. Kwenye Windows Vista, Microsoft iliacha kuiandika kwa kawaida, kwa sababu kuandika tarehe kila faili linaposomwa kulichosha diski bure. Linux ilipunguza uandishi huo mwaka 2009. Pale ambapo bado inaandikwa, antivairasi au bakapu inaweza kuisogeza mbele, na faili lisilosomwa na binadamu tangu enzi za Mkapa likaonekana la moto. Kwa hiyo sera nyingi huangalia tarehe ya mwisho ya kurekebishwa. Hapo ndipo kiolezo cha barua rasmi, kilichoandikwa mara moja mwaka 2012 na kusomwa kila siku na ofisi nzima, kinapojikuta kwenye tepu.

Na baridi ya ofisi ina misimu. Hesabu za mwaka uliopita hulala miezi, kisha wakaguzi wanafika na kuzitaka zote ndani ya wiki moja. Majalada ya kesi hulala miaka mitatu, kisha mahakama inapanga tarehe. Sera haina kalenda ya mahakama.

Mafaili madogo nayo yanaidhalilisha hesabu. Kwenye diski za kawaida za Windows, nafasi hugawanywa kwa vipande vya kilobaiti 4. Faili la kilobaiti 3 likihamishwa, kivuli chake kinaweza kuchukua nafasi ileile liliyochukua lenyewe. Kwenye hifadhi ya baridi ya Amazon kila kitu kilichohifadhiwa huongezewa kilobaiti 40 za taarifa zake, hata kama chenyewe ni cha kilobaiti 2. Ofisi yenye barua pepe milioni kumi zilizohifadhiwa moja moja inalipia zaidi mabandiko kuliko mzigo.

Mahali ninapopenda kupatolea mfano ni CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, yenye handaki la kilomita 27 ambamo chembe hugonganishwa. Naipenda kwa sababu pale hakuna anayeweza kusema kwamba tatizo lilikuwa fundi asiyejua kazi, wala bajeti ya kuungaunga. Walikuwa na wahandisi wa daraja la juu, waliandika programu yao wenyewe, na bado ahadi ileile iliwashinda.

Programu hiyo iliitwa CASTOR. Mbele kulikuwa na diski, nyuma maktaba za tepu zenye mikono ya roboti. Mwanafizikia aliomba faili. Likiwa kwenye diski alipewa, likiwa kwenye tepu mfumo uliliita bila yeye kuambiwa. Kwa kuhifadhi data ghafi inayotoka kwenye mitambo, CASTOR ilifanya kazi kubwa. Juni 2017 kumbukumbu ya tepu ya CERN ilivuka petabaiti 200. Shida ilikuwa kwa wasomaji. Maelfu ya wanafizikia duniani kote walikuwa wakituma kazi za uchambuzi, kila kazi ikitaka mafaili yake, kwa mpangilio wake, kwa saa yake.

Ili kuelewa ubaya wa jambo hilo inabidi uitazame tepu kwa karibu. Tepu ya kizazi cha tisa cha LTO, iliyoanza kuuzwa mwaka 2021, ni utepe wa nusu inchi wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, uliokunjwa ndani ya kasha linaloenea kiganjani. Inabeba terabaiti 18. Ikishaanza kusoma kwa mfululizo ni ya kasi kweli, megabaiti 400 kwa sekunde, kuzidi diski nyingi zinazozunguka. Ila kabla ya kusoma, roboti lazima aifuate rafuni, aipeleke kwenye kisomeo, kisomeo kiuvute utepe na kuukimbiza mpaka mahali faili lilipo. Kwa wastani mchezo huo wote unakula dakika moja au zaidi. Ukiomba mafaili elfu moja yaliyopangana, dakika hiyo unailipa mara moja. Ukiyaomba ovyo, leo hili, baada ya sekunde mbili lile la upande wa pili, unaweza kuilipa mara elfu moja, na dakika elfu moja ni zaidi ya saa kumi na sita. Wakati wote huo mashine ya kuchambulia imekaa bure ikisubiri, na roboti anahangaika kutoa tepu na kuirudisha kama karani aliyevamiwa na wateja wasiojua kupanga mstari.

Mwanafizikia hakuwa na kosa. Aliona orodha ya mafaili, akayafungua. Mfumo ulikuwa umemwahidi kwamba hahitaji kujua yako wapi.

CERN ilichofanya ni kuivunja ahadi hiyo kwa makusudi. Mwaka 2011 waliingiza kazini mfumo wa diski pekee, EOS, kwa ajili ya wachambuzi. Kisha wakaandika programu mpya ya tepu, CTA, iliyoanza kuchukua nafasi ya CASTOR mwaka 2020 na kuwa tayari kwa awamu ya tatu ya mgonganisho iliyoanza Julai 2022. Ndani yake, ukijaribu kufungua faili lililo kwenye tepu, halirudi. Unapata kosa. Ukilitaka, unatuma ombi rasmi: niandalieni mafaili haya. Maombi yanakusanywa, yanapangwa kwa tepu, roboti anachukua tepu moja na kusoma yote yanayotakiwa humo, kisha unaarifiwa kwamba yako diskini. Jaribio la ATLAS, moja ya majaribio makubwa ya hapo, lilianza mwaka 2018 kutafuta namna ya kupanga kazi zake nzima kwa mzunguko huo: data inashushwa kwa mafungu, inachambuliwa, inaondoka, linaingia fungu jingine.

Karani amerudi kazini, kwa maneno mengine. Na inanifurahisha kwamba aliyemrudisha si mzee wa masjala mwenye kinyongo na kompyuta, ni maabara iliyotupatia wavuti.

Ofisi ya kawaida inaweza kuiga hilo bila roboti wala petabaiti. Miaka iliyofungwa inatolewa kwenye folda za kila siku, inawekwa sehemu yake yenye jina lake, ya kusoma tu, na watu wanaambiwa wazi: humu kunaombwa, hakubofywi. Wakuu hawalipendi pendekezo hili kwa sababu linawaonyesha ucheleweshaji ambao wamekuwa nao siku zote. Wauzaji hawalipendi kwa sababu halina leseni.

Tepu zenyewe zina uzee wa aina mbili. Utepe ukitunzwa vizuri hukaa miongo kadhaa, hilo si tatizo. Kinachozeeka haraka ni kisomeo. LTO ya kwanza ilitoka mwaka 2000 ikiwa na gigabaiti 100, na kwa muda mrefu kila kisomeo kipya kiliweza kusoma vizazi viwili vya nyuma yake. Kizazi cha nane kilipofika mwaka 2017, kikaishia kimoja tu. Aliyezembea kuhamisha tepu zake za kizazi cha sita sasa anatafuta visomeo vya mitumba. Mwaka 2019 watengenezaji wawili pekee wa tepu hizo, Sony na Fujifilm, walikuwa mahakamani wakigombea hataza, na tepu za kizazi cha nane zikaadimika sokoni. Oracle nayo iliachana na ukoo wake wa tepu za hadhi ya juu, na CERN, iliyokuwa mteja, ikalazimika kubadili njia. Huko kila baada ya miaka kadhaa kumbukumbu nzima hunakiliwa upya kwenye tepu mpya. Kwenye mapumziko marefu ya mitambo ya 2013 hadi 2015 walihamisha takriban petabaiti 100. Kumbukumbu tuli haitulii.

Basi wengi wakasema, tuachane na vyuma, twende kwenye wingu. Amazon ilianzisha huduma ya Glacier Agosti 2012, na mwaka 2019 ikaongeza ngazi ya chini zaidi, ambayo kwa bei za Marekani inatoza takriban dola moja kwa terabaiti kwa mwezi. Ofisi yenye terabaiti 10 inalipa dola 10. Mkurugenzi wa fedha anasaini akitabasamu.

Sasa fanya hesabu ya kurudi. Kutoa data kwenda kwenye intaneti hutozwa takriban senti 9 kwa gigabaiti. Terabaiti 10 ni gigabaiti elfu kumi, yaani dola 900, mbali na ada ya kuiamsha. Kutoka mara moja ni sawa na pango la miaka saba na nusu. Kuamshwa kwenyewe kunachukua saa 12, au hadi 48 ukichagua njia ya bei ndogo, na ukifuta kabla ya siku 180 unatozwa siku zilizobaki. Kwa laini ya megabiti 100 kwa sekunde, ikiwa hakuna mwingine anayeitumia, terabaiti 10 zinashuka kwa siku tisa na zaidi. Mwanzoni mwa 2024 Google, kisha Amazon, walitangaza kuondoa ada ya kutoa data kwa mteja anayehama kabisa. Ni habari njema kwa anayehama. Anayetaka folda moja ya 2017 kwa ajili ya mkaguzi bado analipa.

Na njia yenyewe hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika kwenye pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wakaonja intaneti ya kujikokota. Gazeti, benki au hospitali yenye vivuli kwenye seva ya Dar es Salaam na miili yake ng'ambo ilikuwa na majina ya mafaili yake na kidogo zaidi ya hapo. Anayepanga ngazi za hifadhi huku kwetu anapaswa kuuhesabu mkongo kama sehemu ya diski yake. Sijawahi kuona tangazo la muuzaji lenye mstari huo.

Lipo pia kosa ambalo hata watu wa kazi hii hulifanya: kuita kumbukumbu bakapu. Bakapu ni nakala ya pili ya kitu kilichopo. Kuhamisha ngazi ni kuiondoa nakala pekee mahali ilipokuwa na kuipeleka kwingine. Programu inayofanya hivyo lazima ipewe ruhusa ya kufuta kila mahali, na mwenye ruhusa ya kufuta kila mahali siku moja hukosea.

Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilijifunza hilo Desemba 2021. Mashine zake kubwa za kukokotolea zilihudumiwa na HPE, na kulikuwa na hati ya amri iliyotakiwa kufuta kumbukumbu za matukio zilizopitisha siku kumi. Wahudumu waliirekebisha hati hiyo na kuiweka mahali pake wakati ile ya zamani bado inakimbia. Mashine ikaendelea kusoma katikati ya maandishi mapya, ikakuta jina la folda ambalo halijapewa thamani, na amri ya kufuta kumbukumbu za matukio ikageuka kuwa amri ya kufuta diski. Terabaiti 77 zilikwenda, mafaili milioni 34, ya vikundi 14 vya watafiti. Kwa vikundi vinne hapakuwa na nakala ya kurejeshea. Kampuni ilikubali kwamba wajibu wote ni wake. Hakukuwa na mdukuzi hapo wala moto. Ilikuwa kazi ya usafi.

Zaidi ya miaka kumi kabla yake, Februari 2011, hitilafu ya programu ilifuta barua pepe kwenye akaunti za Gmail, sehemu ndogo ya asilimia ya watumiaji. Nakala kadhaa zilizokuwa hewani ziliguswa na hitilafu hiyohiyo. Google ilizirudisha kutoka kwenye tepu, kwa sababu tepu iliyo rafuni haisikii amri ya mtu. Ilichukua muda, na hakuna aliyejifanya kwamba ingekuwa papo hapo. Tepu inayokufaa siku ya msiba ni ile ambayo kivuli hakiwezi kuifungua.

Upande wa sheria, hali imegeuka. Zamani hofu ilikuwa kupoteza. Leo kuna hofu ya kushindwa kupoteza. Kenya ilitunga sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019, Tanzania ikatunga yake 2022, na zote zinampa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe pale ambapo hakuna sababu halali ya kuendelea kuzishika. Wakati huohuo sheria ya Kenya ya utakatishaji fedha inaitaka benki itunze kumbukumbu za miamala kwa angalau miaka saba. Ofisa wa sheria anaweza kuupatanisha mvutano huo kwenye karatasi. Kwenye tepu ni kazi nyingine. Faili lililo katikati ya utepe wa kilomita moja halifutiki peke yake. Linafutwa jina lake kwenye daftari, na mwili unabaki palepale mpaka tepu nzima iandikwe upya. Benki ikijibu kwamba imefuta, imefuta kivuli.

Daftari hilo ndilo kiungo dhaifu kuliko vyote, na ndilo linaloamua kama unaweza kuondoka. Programu nyingi za namna hii huweka miili ya mafaili katika muundo wao wenyewe na ramani yake kwenye hifadhidata yao. Ramani ikiharibika, miili ipo lakini haina majina. Na mwenye ramani hubadilika. Chukua Enterprise Vault, moja ya programu zilizoenea zaidi za kuhifadhi barua pepe na mafaili ya ofisi. Ilizaliwa ndani ya kampuni ya Digital, ikapita Compaq, ikawa ya KVS, ikanunuliwa na Veritas mwaka 2004, ikaingia Symantec mwaka uliofuata, ikarudi kuwa ya Veritas kampuni hizo zilipotengana, na Desemba 2024 sehemu kubwa ya Veritas ilipoungana na Cohesity, yenyewe ikaachwa kwenye kampuni mpya iitwayo Arctera. Programu haikufa, na wateja hawakutupwa. Lakini benki iliyohifadhi barua za 2004 imewajibika kwa msururu wa wenye mali ambao hakuna aliyewachagua. Huduma kama hiyo iliyokuja ndani ya Windows 2000 Server na Windows Server 2003, iitwayo Remote Storage, ilikuwa na mwisho mfupi zaidi: kwenye toleo la 2008 haikuwepo.

Kutoka kunataka kila kivuli kiite mwili wake, mmoja mmoja, na miili yote ipate mahali pa kukaa. Yaani lazima kwanza ununue zile diski ambazo programu ilinunuliwa ili zisinunuliwe. Zipo kampuni ambazo biashara yao ni hiyo tu, kutoa mafaili kwenye mfumo mmoja wa kumbukumbu na kuyaingiza kwenye mwingine, na hazikosi wateja. Wasiozimudu hufanya jambo jingine: wanaendelea kulipa leseni kila mwaka kwa programu ambayo hawahifadhii tena faili jipya hata moja, kwa sababu bila hiyo vivuli vya mwaka 2009 havifunguki.